Karani wa Tano

Benchi lenyewe zamani lilikuwa mlango. Nyumba yake ilivunjwa kupisha barabara ambayo hadi leo haijapita, mlango ukabaki yatima, mtu akaulaza juu ya matofali mbele ya kibanda cha Fundi Funguo, na tangu siku hiyo watu wanaukalia badala ya kuupigia hodi. Tundu la ufunguo bado lipo, katikati kabisa, na kahawa ikimwagika hupita humo ikadondokea kofia ya Bondia, ambaye kila siku huiweka palepale na kila siku hukasirika. Fundi Funguo amechonga funguo za mtaa mzima. Wa mlango huu hajaupata, na wenzake hawajamsamehe. Ijumaa hii, saa tisa alasiri, walikuwepo wote wanaohesabika. Birika, muuza kahawa, anayejaza kikombe bila kukitazama ili apate nafasi ya kutazama mambo ya watu. Bondia, mlinzi wa duka la vifaa vya umeme, aliyepanda ulingoni mara kumi na moja ujanani akapigwa mara kumi na mbili, kwa sababu moja ilimkuta chumba cha kubadilishia nguo. Dalali wa vyumba, ambaye hata mbinguni anaamini kuna chumba na sebule, choo ndani. Na Digrii, aliyesoma miaka minne habari za samaki wa maji baridi, akapewa shahada yenye muhuri wa dhahabu, na ajira pekee ambayo shahada hiyo imewahi kupata ni kuziba kioo kilichovunjika dirishani kwa mama yake. Inazuia mvua vizuri sana. Serikali ijue.

Kwenye msumari wa kibanda, katikati ya mafungu ya funguo, ulining'inia mfuko wa nailoni uliofungwa mpira. Ndani yake maji, na ndani ya maji samaki mweusi mwenye michirizi ya rangi ya chungwa, akigeuka polepole kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

— Huyo wa ngapi? — aliuliza Dalali.

— Wa tano, — alisema Fundi Funguo bila kuinua macho kwenye tupa yake.

— Wa tano! Mimi nina nyumba ya popo na paa linavuja, na wapangaji wake hawabadiliki hivyo.

— Wapangaji wako hawaliwi, — alisema Birika.

— Huwajui mama wenye nyumba wangu.

Walicheka. Fundi hakucheka. Aliuangalia mfuko. Muuzaji alimwambia hewa iliyomo inatosha mpaka jioni, si zaidi, na kwamba duka zima halina mwingine wa saizi ile. Mpaka jioni, basi, awe ameamua amwingize vipi ndani ya tangi bila ya kumzika kesho. Na keshokutwa, Jumapili, mkewe anarudi.

Hapo ndipo kwenye kisa chenyewe. Miaka mitano iliyopita mkewe alipata mkataba wa kwenda ng'ambo kumlea bibi kizee wa watu. Miaka miwili tu, walisema. Mkataba ni kama mpira wa suruali, ukiuvuta unavutika. Nyuma yake aliacha vyumba viwili, kikombe chenye ua la bluu, ndala zake mlangoni, na tangi la kioo lenye samaki wawili. Samaki hao ni wa ukoo mmoja na sato na perege, lakini si wa kukaanga, ni wa mapambo. Wauzaji huwaita oska. Wanakua wakubwa kama ndala ya mtu mzima, wanakula mkononi mwako, wanakujua sura, na wana roho mbaya ya mwenye kiwanja. Yule mkubwa, mwenye mdomo wa kununa, mkewe alimwita Hakimu. Mdogo, aliyekuwa akimfuata nyumanyuma, alimwita Karani. Karani alikuwa na pengo dogo kwenye mkia, kama tiketi iliyotobolewa. Waliishi pamoja miaka minne na zaidi, mpaka siku moja Fundi alirudi kutoka kazini akamkuta Karani anaelea na Hakimu kasimama pembeni, mtulivu, kama aliyeahirisha kesi.

Siku hiyohiyo simu ililia. “Watoto wangu hawajambo?” aliuliza mkewe. Fundi akasema hawajambo, wote wawili. Uongo ni kama ufunguo wa bandia, ukishauchomeka huna budi kuuzungusha. Tangu hapo amekuwa akitafuta samaki wa kufanana na Karani. Karani wa pili aliishi siku tatu. Wa tatu, saa sita. Wa nne alikufa mfuko wake ukiwa bado unadondosha maji sakafuni.

— Tumsaidieni mwenzetu, — alisema Birika, akimimina. — Shemeji anarudi baada ya miaka mitano, halafu neno la kwanza liwe msiba?

— Tatizo ninalo mimi hapa kwenye ulimi, — alisema Bondia, akajiweka sawa. — Uzito! Nyie mnachukua uzito wa unyoya mnampandisha na uzito wa juu. Refa yeyote angewafunga. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Maana yake haba apigane na haba, kibaba apigane na kibaba.

— Hiyo siyo maana yake hata kidogo, — alisema Digrii. — Lakini, na sikia vizuri maana hutaisikia tena, Bondia amesema kitu kilichomo kitabuni. Samaki wa namna hii wawekwe wanaolingana. Ukileta mdogo, mkubwa hamwoni kama mwenzake. Anamwona kama chakula kilichochelewa.

— Mmesikia! — Bondia alisimama. — Nimo kitabuni!

— Kaa chini, unamwaga.

— Mkubwa sitaki, — alisema Fundi. — Karani alikuwa mdogo. Shemeji yenu akikuta mkubwa atajua.

— Mwambie alikua.

— Kwa wiki moja?

— Kwa mapenzi, — alisema Birika. — Watu wakipendwa wananenepa.

Dalali alikuwa amekwisha kutoa karatasi na kalamu. Kwa Dalali hakuna tatizo lisilokuwa la ramani. Alichora mstatili, akapitisha mstari katikati.

— Nyie wote mnaongelea ngumi, mimi naongelea makazi. Weka kioo cha pili hapa kati, kitoboe matundu maji yapite. Huyu chumba chake, huyu chumba chake, wanaonana, wanazoeana, mwezi mmoja, miezi miwili, unaondoa kioo. Unajua kwa nini Karani wa pili alikufa siku ya tatu? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nani alimpa jembe? Hakuna. Mwenye nyumba akakasirika.

— Samaki ashike jembe?

— Nazungumza kwa mfano, wewe Bondia, ngumi zimekuharibu.

— Miezi miwili sina, — alisema Fundi. — Nina mpaka jioni.

Alibana kufuli kwenye jiliwa akaanza kulichokonoa kwa waya, ingawa halikuwa la mteja yeyote. Mikono yake haijui kukaa bure. Kila mara jicho lilimtoroka kwenda kwenye simu iliyolala juu ya kopo la misumari. Saa kumi kamili bibi kizee wa ng'ambo hulala, na mkewe hupata nusu saa ya kuwa mtu. Kila Ijumaa, miaka mitano, saa kumi. Fundi hana saa ya mkononi. Anazo Ijumaa.

— Ngoja niwape ya msomi, — alisema Digrii, akavuta kahawa yake kwa sauti. — Territory, ndugu zangu. Eneo. Hakimu hana chuki na Karani. Hakimu anatetea kiti. Mimi namwelewa kabisa, nimekutana naye kila ofisi niliyopeleka barua. Sasa dawa yake ni hii: unamwagia ndani samaki wadogo kumi na tano, wenye mbio. Akimfukuza huyu, yule anapita. Akimgeukia yule, huyu yuko nyuma. Mwisho anachoka, anawaacha wote, Karani katikati ya kundi anapona. Ukiwa na adui mmoja unampiga. Ukiwa na kumi na tano unaitisha mkutano.

— Na wale kumi na tano? — aliuliza Birika.

— Wanaliwa kidogokidogo. Wale ni vibarua.

— Digrii, — alisema Dalali, — wewe una uchungu.

— Sina uchungu, nina shahada. Fundi, mimi nikueleze ukweli, hiyo nafasi ya Karani itangaze vizuri gazetini. Anatakiwa karani. Uzoefu: miaka mitano ya kutoliwa. Watakuja watu elfu mbili. Nami nitaomba.

— Utaliwa.

— Nitaliwa nikiwa na ajira.

Hata Fundi alitabasamu, kidogo, upande mmoja. Digrii alipoliona tabasamu hilo alishusha sauti.

— Kwa kweli, Fundi. Ipo njia. Unamtoa Hakimu, unamweka kwenye beseni siku mbili. Karani anaingia kwanza, anazoea. Halafu Hakimu ndiye anarudi kama mgeni. Hakimu ahamishwe wilaya, arudi hana faili.

— Nilifanya hivyo kwa wa pili, — alisema Fundi. — Beseni siku mbili, pampu ya hewa nikamwekea, chakula nikampa. Nilipomrudisha hakutazama kulia wala kushoto. Alikwenda moja kwa moja chini ya lile jiwe bapa, akageuka, akatazama nje. Kama mtu aliyerudi kwake. Karani alikuwa kwenye kona. Akatoka, akammaliza, akarudi chini ya jiwe.

Kila mmoja alimwona Hakimu kwa namna yake.

— Fahali wawili hawakai zizi moja, — alisema Bondia kwa huzuni. — Kwa hiyo ongeza fahali wa tatu.

— Lala, Bondia.

— Au miwani. Tumvalishe Hakimu miwani nyeusi.

— Au, — alisema Dalali, na sasa kalamu yake ilikuwa inakimbia, — tusiweke samaki kabisa. Picha! Unapiga picha ya huyu aliyemo kwenye mfuko, unaichapisha kubwa, unaibandika nyuma ya kioo. Karani yupo, kajibanza. Shemeji atakuwa na uchovu wa safari, macho yamevimba, atasema, loo, Karani wangu mpole siku hizi.

— Picha haiogelei!

— Unatikisa meza.

Walicheka mpaka Birika akaweka birika chini. Yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alijifuta macho kwa ncha ya kanzu yake iliyofubaa, akasema taratibu:

— Mimi sijasoma. Lakini samaki mkunje angali mbichi, na yule Hakimu hakukunjwa na mtu ila shemeji. Yule samaki ana hamu. Mtu mwenye hamu hataki mwingine, anamtaka yuleyule. Fundi, huna hata sauti ya shemeji kwenye simu? Mchezeshee. Weka simu karibu na kioo asikie.

Bondia alijiandaa kusema neno kuhusu masikio ya samaki. Kisha akaona uso wa Fundi akalimeza.

Maana Fundi Funguo alikuwa amekwisha kufanya hivyo, tena si mara moja. Sauti za miaka mitano anazo zote, hajafuta hata moja. Jioni akirudi huketi kwenye kigoda mbele ya tangi, huweka simu juu ya mfuniko, na mkewe husema yale ya mwaka juzi, kwamba leo kumenyesha, kwamba bibi amekataa dawa tena, kwamba amenunua viatu vinambana, kwamba usisahau kulipa maji. Hakimu huja mbele ya kioo na kuchezesha mapezi. Fundi humwambia mtu yeyote kwamba anamzoesha samaki. Samaki hajamwambia mtu chochote.

— Samaki hasikii Kiswahili, — alisema, akageukia jiliwa lake.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja mnene mwenye khanga begani na kishada cha makufuli mkononi, makufuli manane, yote ya aina moja. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana kule nyuma ya soko. Hakuwahi kukanyaga kijiweni hapo, maana bweni lilikuwa na fundi wake, ambaye sasa kahamia kwingine.

— Hamjambo, wanangu.

— Hatujambo, mama. Shikamoo.

— Marahaba. Nani fundi? Wasichana wangu wamepoteza funguo, wanane kwa pamoja. Wanasema zimeanguka chooni. Zote nane. Niwaulize?

— Usiwaulize, mama, — alisema Digrii. — Utajifunza mengi.

Fundi alipokea makufuli. Matroni alitazama benchi, akaketi juu ya tundu la ufunguo kwa uzito wa mtu aliyesimama tangu alfajiri, na kwa mara ya kwanza mwaka huo kofia ya Bondia ikawa salama. Birika akampa kikombe. Mama akanywa, akainua macho, akauona mfuko.

— Huyo samaki mbona kafungwa na funguo? Kafanya nini?

Wakamweleza wote kwa mpigo. Uzito, kioo, beseni, miwani, picha. Hakimu, Karani, shemeji, Jumapili. Matroni alisikiliza kama anavyosikiliza wasichana wanane wanaoeleza ni nani aliyemaliza maji: kwa uso ulionyooka, akingoja kelele ziishe. Zilipoisha aliuliza:

— Na mawe?

— Mawe yapi?

— Mmesema kuna mawe ndani, huyo mkubwa anakaa chini ya jiwe. Mkimleta mpya, mawe mnayahamisha?

Mashine ya kuchongea funguo ilikuwa inalia. Fundi aliizima.

— Mimi nikiletewa msichana mpya, — aliendelea Matroni, — siku hiyo asubuhi nahamisha vitanda vyote. Vyote. Wa dirishani aende mlangoni, wa mlangoni aende katikati. Wanalalamika, wananiita majina, mimi kazi yangu. Mpya akiingia jioni anakuta wote wageni, kila mtu anatafuta taulo yake. Hakuna mwenye kona ya kumfukuzia mwenzake. Zamani sikujua. Nilikuwa nauliza tu huyu mpya anafaa kulala na nani, mkimya na mkimya, wa kidato hiki na wa kidato hiki. Wakaniharibu watoto wawili, mmoja hadi leo hajarudi shule. Halafu nikagundua si suala la nani na nani. Ni vitanda.

Digrii alifungua mdomo, miaka yake minne ya masomo ikasimama mlangoni mwa meno, haikutoka. Ilikuwemo kitabuni, hii. Ukurasa ule aliujua hata ulipokuwa, upande wa kushoto, chini. Aliujibia mtihani akapata alama zote, na kwa muda wote huu hapo benchini haukumjia hata mara moja.

— Mawe hayahamishwi, — alisema Fundi.

— Mazito?

— Si mazito.

Alipangusa mikono, akachukua simu, akatafuta. Akawaonyesha. Picha ya tangi, siku ileile mkewe alipoondoka, maji bado yana vumbi la changarawe. Mawe tisa. Bapa upande wa kushoto, juu yake jeupe limeegemea, matatu ya mviringo nyuma, mengine yamelala mbele kama watu wanaota jua.

— Alisafisha tangi asubuhi ile, akayapanga kwa mkono wake, akaenda zake. Hakimu anachimba. Kila siku anachimba changarawe, anasukuma madogo kwa mdomo, anaangusha hili jeupe. Nami kila jioni nayarudisha. Natazama picha nayarudisha.

— Kila jioni? — aliuliza Dalali.

— Kila jioni.

Dalali, mwanaume aliyewahi kupiga hesabu ya kodi ya miaka mitano kichwani, hakuhesabu.

— Kwa nini? — aliuliza Matroni.

Aliuliza vilevile kama alivyouliza kuhusu mfuko, bila ubaya, kama mtu anayeuliza saa. Fundi alitazama picha. Alifikiria jibu, akalikuta liko nyumbani kwake. Ndala mlangoni, ncha zimeelekea ndani, na kila anapofagia anaziinua na kuzirudisha palepale kwenye alama ya vumbi. Kalenda ya mwaka ule ukutani. Upande wa ukutani wa kitanda, ambao hajawahi kuulalia hata homa ilipompiga. Nyumba nzima alikuwa ameishikia mahali pake, kama mtu anayemshikia mwenzake nafasi kwenye foleni, na kila aliyesogea amemfukuza: dada yake aliyetaka kubadilisha pazia, mjomba aliyetaka kulala wiki moja. Nani alikuwa chini ya jiwe?

Birika alitazama ndani ya birika. Bondia alitazama ngumi zake. Swali likakaa benchini kama mtu wa sita, halikupewa kahawa.

Fundi akamaliza funguo za mama. Matroni alizihesabu, akazifunga kwenye ncha ya khanga, akashukuru kwa kahawa, akaondoka zake kwenda kuhamisha ulimwengu. Alipofika kona, simu ikalia. Saa kumi.

Kwa kawaida Fundi huingia ndani ya kibanda na kufunga nusu ya mlango. Leo alisahau.

— Haloo.

— Haloo, Fundi wangu. Bibi kalala. Nimefunga sanduku likakataa, nimelikalia ndiyo limekubali. — Kicheko chake kilikuja kutoka mbali, kikiwa na mchanga wa mtandao ndani yake, na bado kilimfikia Fundi mahali kilipokuwa kikimfikia siku zote. — Watoto hawajambo?

Mfuko uligeuka msumarini. Samaki akamtazama.

— Karani alikufa, — alisema Fundi.

Pumzi moja ilisikika.

— Najua, — alisema mkewe.

— Unajua?

— Ulinionyesha kwenye simu, ukidhani umemficha mkia nyuma ya jiwe. Nikaona mkia mzima. Karani wangu ana pengo.

— Mbona hukusema?

— Nilikuwa nataka kusema. Halafu mwezi uliofuata ukanionyesha mwingine tena, na huyo naye mkia mzima. Nikasema moyoni, huyu mwanaume anazunguka mji mzima kutafuta samaki anayefanana na wangu. Basi bado ananingoja. Nikanyamaza, ili uendelee.

Benchini Bondia aliokota kofia yake, akaivaa mpaka machoni.

— Nataka kuhamisha mawe, — alisema Fundi. — Mawe yako. Niambie niyaweke wapi.

— Mawe gani yangu?

— Ya tangi. Uliyoyapanga siku ile unaondoka.

— Mimi? Kupanga? — Alicheka tena, kisha akasikia kwamba upande wa pili hakuna anayecheka. — Mume wangu, gari lilikuwa nje linapiga honi. Mawe yalikuwa kwenye ndoo. Niliyamwaga yalivyo nikakimbilia sanduku. Nilijua utayapanga wewe nikishatoka.

Fundi aliketi. Aliketi juu ya tundu, pale alipokaa Matroni, pakiwa bado na joto.

— Haloo? Upo?

— Nipo.

— Usiyapange, sasa. Yatoe, yaweke kwenye ndoo, yaache. Niachie na mimi nikute kitu cha kufanya humo ndani. Na huyo mpya usimwite Karani. Nikifika nitamtazama mwenyewe nione anafanana na nani.

Bibi kizee aliita huko ng'ambo, kwa lugha ambayo Fundi amejifunza neno lake moja tu, na neno hilo ni “maji”. Simu ikakatika.

Alifunga kibanda saa moja kabla ya kawaida. Akauchukua mfuko msumarini kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba supu.

— Basi nafasi ya karani imefutwa, — alisema Digrii. Alitaka iwe mzaha. — Kama kawaida.

— Birika, tuongeze, — alisema Dalali.

Birika aliinamisha birika lake mpaka mwisho. Lilitoa machicha, likatoa hewa.

Nyumbani, Fundi alivua shati, akaingiza mkono tangini mpaka kwapani. Alitoa jiwe bapa. Akatoa jeupe. Hakimu alimuuma kidole, akamwacha amuume. Mawe tisa, moja moja, yakaingia kwenye ndoo kwa sauti nzito, na kila lilipotoka liliacha alama iliyopauka sakafuni mwa tangi, umbo la mahali ambapo mwanga haukufika miaka mitano. Akapitisha kiganja juu ya changarawe, alama zikafutika.

Hakimu alizunguka pale palipokuwa na jiwe lake. Akazunguka tena. Akaja mbele ya kioo na kusimama, kama bosi aliyefika kazini akakuta meza imeondolewa na hakuna wa kumgombeza. Fundi alifungua mfuko. Mpya akatoka taratibu, kinyumenyume. Hakimu akatanua mapezi, akasogea, akasimama. Pembeni hakukuwa na pembe yake. Mpya naye hakuona pa kukimbilia, akabaki alipo. Wakatazamana, samaki wawili katika maji matupu, wote wakiwa wamefika leo.

Fundi alikaa kwenye kigoda. Hakuweka simu juu ya mfuniko. Mwanga wa dirishani ulipoanza kuondoka walikuwa bado wawili, na alijua huenda asubuhi wasiwe wawili, na hakuwa na picha ya kumwambia itakuwaje.

Akainuka, akachukua ndoo ya mawe, akaiweka karibu na mlango ambapo mtu akiingia hataikosa. Ndala zilikuwa pale, ncha zimeelekea ndani. Aliziinua kufagia chini yake. Alipomaliza alisimama nazo mkononi, moja huku, moja huku, akitazama zile alama mbili za vumbi ambazo hazipo tena. Kisha akaziachia, zikaanguka zilivyotaka, moja ikalala kifudifudi, kama za mtu aliyezivua sasa hivi kwa haraka, akapita ndani.